Bustani ya Forodhani na Watu Wake

Msomaji, lau ungepewa leo kalamu, karatasi na fedha za kutosha, ukaambiwa uitengeneze upya bustani ya mji wenu, ungeanza na nini? Nadhani najua. Ungechora chemchemi katikati, vijia vilivyonyooka, viti vyeupe, na maua mekundu kando ya kila kijia. Na picha yako ingependeza macho. Lakini kabla hujaitia rangi, niruhusu nikuulize: yule mama auzaye njugu chini ya mwembe umemweka wapi katika picha hiyo? Na yule mzee alalaye usingizi wa adhuhuri juu ya kiti kibovu karibu na lango, kiti ambacho wewe umekwisha kukiondoa, atalala wapi?

Swali hili si la mzaha. Bustani ya umma huwa ardhi tupu kwa jicho la mchora ramani peke yake. Kwa jicho la wakaao mjini ni sebule ya watu wasio na sebule. Hapo mwanafunzi husoma kitabu chake kwa kuwa nyumbani hamna nafasi; hapo vijana huposana; hapo mtu aliyetoka kijijini kutafuta kazi huketi akahesabu senti zake. Kuigusa bustani, hata kwa nia njema, ni kuwagusa hao wote.

Sisi katika Kenya tumekwisha kuona jinsi bustani inavyoweza kupiganiwa. Mwaka 1906 mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani iitwayo kwa jina lake hata leo. Mwaka 1991 likatolewa shauri la kujenga mahali hapo jengo la ghorofa la kuegesha magari, na wananchi wakalipinga, Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akiwa mbele yao, hata shauri likaachwa. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1989, Wangari Maathai alisimama kuupinga mnara wa ghorofa 60 uliokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa, akadharauliwa, lakini mnara haukujengwa. Visa hivyo ni vya kuiokoa bustani isiliwe, navyo vimesimuliwa mara nyingi. Mimi nataka kukueleza jambo lililo gumu zaidi, yaani kuitengeneza bustani. Ajaye kuvunja huonekana kwa mbali, na watu hujiweka tayari. Ajaye kutengeneza hupokewa kwa mikono miwili, naye aweza kuvunja mengi kabla mtu yeyote hajatanabahi.

Mfano wangu ni mji wa Zanzibar. Nimeuchagua kwa sababu ni mji mdogo. Mji Mkongwe wote, ule wa nyumba za mawe, mtu aweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja kabla jua halijawa kali, na katika mji mdogo kosa la mpangaji halina pa kujificha. Tena bustani yake ya Forodhani imepita katika mikono ya wapangaji wa namna nyingi, na kila mmoja ameacha alama yake ardhini.

Yafaa kwanza ujue kwamba miji ya zamani ya Waswahili haikuwa na bustani za umma kwa maana tuijuayo leo. Haikuzihitaji. Watu walikuwa na baraza za mawe mbele ya nyumba, walikuwa na viwanja karibu na misikiti, na walikuwa na pwani. Ukienda Lamu utaona mahali paitwapo Mkunguni, mbele ya ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821. Jina lenyewe lakuambia kwamba kivuli cha mti ndicho kilichowaita watu hapo. Wazee wa Lamu huketi mahali hapo wakazungumza habari za mji, na hawakuhitaji mtu awachoree ramani ya kuketi.

Forodhani nako hakukuanza kuwa bustani. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru. Mbele ya Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno (hao ndio walioitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698), vyombo vilitia nanga, na bidhaa zikapandishwa ufukoni zihesabiwe. Karafuu zilipita hapo. Pembe za ndovu zilipita hapo. Na kabla soko la watumwa halijafungwa mwaka 1873, wanadamu nao walipita hapo, wakahesabiwa kichwa kwa kichwa na kutozwa ushuru kama bidhaa nyingine. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Ardhi ya bustani haina kumbukumbu ionekanayo kwa macho, na majani hufunika kila kitu. Mtoto anayeserereka leo katika mchezo wake Forodhani hawezi kujua yaliyopita chini ya miguu yake, isipokuwa aambiwe.

Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga kando ya mahali hapo Beit al-Ajaib, jumba kubwa kuliko majumba yote ya mjini. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikaupiga mizinga upande huo wa pwani kwa muda usiotimia saa moja, majumba mengine ya Sultani yakabomoka, na mamia ya watu wakafa. Kisha likaja gari la moshi. Tangu mwaka 1905 mpaka 1928 treni ndogo ilikuwa ikitoka karibu na Ngome, ikapita katikati ya mitaa myembamba, ikaenda Bububu, mwendo wa maili saba. Basi, ujione umesimama hapo miaka mia moja iliyopita: makelele ya wachukuzi, moshi wa treni, harufu ya karafuu na ya samaki. Hapakuwa mahali pa kupumzika hata kidogo.

Bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, na reli ilipokufa, uwanja ule ukabaki bila kazi. Ndipo bustani ilipopata nafasi. Mwaka 1936 Sultani Khalifa bin Harub alitimiza miaka 25 ya kutawala, na bustani ikatengenezwa hapo kwa ukumbusho wa jubilii yake. Ilikuwa na ukoka, na vijia, na jukwaa la kupigia bendi. Ilikuwa bustani ya heshima: ilielekea baharini mbele ya majumba ya wenye mamlaka, nayo ilikusudiwa kumkumbusha kila apitaye ni nani atawalaye. Lakini watu wa Zanzibar ni watu wa ajabu katika mambo ya majina. Jina la jubilii liliandikwa katika makaratasi. Vinywani mahali hapo palibaki kuwa Forodhani, na ndivyo paitwavyo hata leo. Sultani hayuko, na watoza ushuru hawako. Waliobaki na jina ni watu.

Kabla sijaendelea na Forodhani, hapana budi tuvuke upande wa pili wa mji, maana huko kulikuwa na bustani ya namna nyingine, na nia nyingine kabisa.

Zamani Mji Mkongwe ulikuwa karibu kuwa kisiwa. Hori ya bahari iliingia nyuma yake. Maji yalipojaa yaliutenga na mitaa ya upande wa pili, na yalipokupwa yaliacha tope na takataka za mji mzima. Upande ule wa pili ukaitwa Ng'ambo, na mahali pa kuvukia pakaitwa Darajani. Ng'ambo walikaa watu wengi, na wengi wao walikuwa maskini: watumwa waliopata uhuru, wachukuzi, mafundi, wavuvi, wanawake waliojitegemea kwa biashara ndogo ndogo. Miaka ya 1913 na 1914 daktari mmoja Mwingereza, W. J. Simpson, alizunguka katika Kenya, Uganda na Zanzibar kutazama mambo ya afya mijini. Ushauri wake ulikuwa kwamba mataifa yakae mbalimbali, na kati ya Wazungu na wengine ardhi ya wazi iachwe. Hoja iliyotolewa ni maradhi. Msomaji wa Nairobi ataitambua hoja hiyo, kwani mitaa ya mji wake iligawanywa kwa fikira hiyo hiyo.

Huoni, basi, kwamba nafasi ya kijani yaweza kuwa ua? Ukitazama ramani utasema, "Lo, walipenda majani na hewa safi!" Kumbe majani yale yalipandwa yafanye kazi ya ukuta. Upande wa kusini wa hori ile ulipofukiwa, ulipatikana uwanja mpana wa Mnazi Mmoja, katikati ya mji wa mawe na Ng'ambo. Hapo Wazungu walicheza gofu, kriketi na tenisi. Lakini mpira wa miguu ulipoingia, vijana wa Ng'ambo waliupenda kwa mapenzi makubwa, wakaja Mnazi Mmoja kwa mamia kuucheza, na kwa maelfu kuutazama. Uwanja uliokusudiwa kutenga watu ukawa mahali pa kuwakutanisha. Nadhani hapana mpangaji aliyelipanga jambo hilo.

Mwaka 1923 kilichapishwa kitabu cha H. V. Lanchester juu ya mji wa Zanzibar. Lanchester alikuwa Mwingereza, bingwa wa kupanga miji, na alikuwa amekwisha kufanya kazi hiyo huko India. Aliitazama bandari, akaitazama hori, akaitazama Ng'ambo, akaandika mashauri mengi. Mashauri mengi hayo yalibaki kitabuni, kwa kuwa serikali haikuwa na fedha, au haikuwa na nia ya kuzitoa. Hori iliendelea kufukiwa kidogo kidogo, hata ilipofika miaka ya 1950 ikawa imekwisha. Juu yake leo kuna barabara kubwa ipitayo Darajani, na kuna viwanja na bustani. Lakini bahari haikusahau njia yake. Mvua za masika zikinyesha kwa nguvu, Mnazi Mmoja hukaa maji, na mtu aliyezaliwa jana hujua kwa macho yake mahali hori ilipokuwa.

Sasa turudi Forodhani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 bustani ilikuwa ya kila mtu, na kama mali nyingi za kila mtu, ilikosa wa kuitunza. Taa ziliharibika. Mifereji ilizibika. Ukoka ulikanyagwa mpaka ukawa udongo mtupu, na udongo uliokanyagwa miaka mingi huwa mgumu kama sakafu: mvua ikinyesha maji hayaingii ndani, bali hukimbia juu juu yakichukua hata ule wororo uliobaki, na mizizi ya miti hubaki uchi. Na bado watu walikuja. Jua likishuka, wauzaji waliwasha majiko ya makaa na taa za kandili, wakapanga mishkaki, pweza, ngisi, samaki wa kuchoma, mihogo, chapati, na maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Katika miaka ya 1990 soko hilo la usiku lilikwisha kujulikana na wageni wa nchi nyingi. Bustani ilikuwa imechakaa na ilikuwa imejaa. Mambo hayo mawili hupatana mara nyingi kuliko watu wadhanivyo.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya mahali penye urithi wa dunia, na Forodhani ndiyo uso wa mji huo ukiutazama kutoka baharini. Mwaka 2008 kazi ya kuitengeneza bustani ikaanza, chini ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, kwa mapatano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mfuko huo ulikuwa umekwisha kufanya kazi kubwa kuliko hiyo mjini Cairo, ambako vilima vya takataka zilizorundikwa kwa karne nyingi viligeuzwa kuwa bustani ya Al-Azhar, iliyofunguliwa mwaka 2005. Kwa kulinganisha na ile ya Cairo, Forodhani ni kama kitambaa cha mkononi kando ya shuka. Lakini kitambaa hiki kilikuwa kimelowa maji ya chumvi.

Hapa ningependa ukae kidogo nami, maana jambo hili halisimuliwi sana, nalo ndilo kazi yenyewe. Mtu akitaka kuitengeneza bustani iliyo kando ya bahari, haanzi na maua. Huanza na ukuta. Ukuta wa bahari wa zamani hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wimbi likija hulipiga jiwe. Wimbi likirudi huvuta. Kupiga si hatari kubwa. Hatari ni kuvuta. Panapo ufa mdogo kati ya mawe, maji huingia, na yatokapo hutoka na chembe za mchanga na udongo uliojazwa nyuma ya ukuta. Hivyo mara mbili kila siku, bamvua kwa bamvua, mwaka kwa mwaka. Kwa juu huoni kitu. Siku moja mawe ya kijia hudidimia, na ukichungulia unakuta pango. Ukipanda maua juu ya pango hilo umefanya kazi ya kuwalisha samaki udongo.

Wala si kila dawa ya ukuta ni dawa. Fundi mwenye haraka hupaka saruji juu ya mawe ya kale, na ukuta ukang'ara. Lakini saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, na haipumui kama chokaa. Unyevu hunaswa nyuma yake, chumvi hukusanyika, na baada ya miaka michache saruji hubanduka na ngozi ya jiwe. Mafundi wa Mji Mkongwe wanaijua habari hii vizuri, maana nyumba nyingi za huko zimeugua maradhi hayo. Kwa sababu hiyo matengenezo ya Forodhani yalikuwa, kwa sehemu kubwa, matengenezo ya vitu visivyopigwa picha: ukuta, mifereji, maji machafu, nyaya za taa, mahali pa kutia takataka. Kisha vikafuata vinavyopigwa picha: vijia, viti, ukoka, jukwaa la bendi, mahali pa watoto kuchezea. Miti mikubwa iliyokuwapo ilihifadhiwa. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mti mchanga huweza kununuliwa. Kivuli cha miaka 60 hakiuzwi mahali popote.

Nao wauzaji? Jiweke, msomaji, katika nafasi ya muuza pweza. Jiko lako ni pipa lililokatwa, na taa yako ni kandili. Mahali pako ni hatua nne kutoka mti fulani, na hakuna aliyekupa karatasi ya mahali hapo. Wakupao ni mazoea tu, maana umesimama hapo kila usiku kwa miaka mingi na wenzako wanajua. Siku moja bustani inazungushwa uzio. Unaambiwa itatengenezwa, nayo itakuwa nzuri sana. Je, utafurahi? Pengine. Lakini usiku huo, kabla ya kulala, utajiuliza maswali mawili: nitauza wapi katika miezi hii, na ikiisha kuwa nzuri, je, nitaruhusiwa kurudi?

Miji mingi imelijibu swali la pili kwa kimya, na kimya maana yake ni hapana. Bustani hupendezeshwa, geti hutiwa, mlinzi huwekwa, na muuza njugu hugundua kwamba uzuri ule haukuwa wake. Forodhani haikuwa hivyo. Ilipofunguliwa tena, mwisho wa Julai mwaka 2009, soko la usiku lilirudi, wauzaji wakapewa sehemu iliyopangwa, wakasimama nyuma ya meza zao na aproni na kofia nyeupe za wapishi. Ukienda leo magharibi utawakuta, wakimwita kila apitaye na kumwonyesha kaa wao kana kwamba ni vito. Mpango uliowahesabu tangu mwanzo ulipata faida ambayo chemchemi haileti: bustani yenye watu usiku ni bustani yenye usalama usiku.

Hata hivyo sitaki kukupa sifa tupu. Panapo nafasi zilizohesabiwa pana aliyepata na aliyekosa. Muuzaji mwenye meza amepangwa. Lakini kijana mwenye kikapu cha kashata begani, ambaye hakuwa na mahali hata zamani, ni vigumu kumhesabu, na asiyehesabiwa hufukuzwa upesi. Tena mahali palipokwisha kupendeza huvuta wageni, na wageni huvuta bei. Wako wenyeji wasemao kwamba chakula cha Forodhani siku hizi kimepimwa kwa mfuko wa mtalii, nao huenda kula urojo wao mitaani. Mimi siwezi kuwalaumu waliopanga kwa jambo hilo. Sijui ukuta ambao ungezuia bei zisipande. Lakini ni haki liandikwe.

Jambo jingine liandikwe pia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka, na watu wawili wakafa. Jumba hilo liko ng'ambo ya barabara tu ukitoka bustanini. Lilikuwa katika matengenezo wakati huo. Aliyeketi Forodhani akila mishkaki yake jana yake, aliliona likiwa limesimama kama lilivyosimama tangu enzi ya Barghash. Chokaa na matumbawe havipigi kelele vinapochoka. Ukuta wa bustani uliotengenezwa mwaka 2008 nao unapigwa na kuvutwa kila siku, na atakayeutazama mara ya pili lazima apangwe, alipwe, na apewe nyundo yake, kama vile wa kwanza alivyopewa.

Huko Ng'ambo nako mambo yamebadilika, na huenda hapo ndipo penye habari ya kutia moyo zaidi. Katika miaka ya 2010 idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikisaidiana na wataalamu wa Uholanzi na mji wa Amsterdam, ilianzisha kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Litazame jina hilo. Halisemi Ng'ambo ya serikali, wala Ng'ambo ya kisasa. Linasema ile tuitakayo sisi. Badala ya kuanza na ramani ya majengo, walizunguka mitaani wakauliza: mnakutana wapi? Baraza gani hukaliwa jioni? Maskani ya vijana iko wapi, na ile ya wazee? Ngoma huchezwa katika uwanja upi? Mwembe upi una jina? Majibu yakachorwa juu ya ramani, na kazi hiyo ikazaa kitabu kikubwa cha ramani na habari za Ng'ambo, kilichotolewa mwaka 2019. Mtaa ambao Simpson aliutazama kama chanzo cha maradhi, na Lanchester kama tatizo la kutatuliwa, ukaandikwa kwa mara hii kama mahali panapojua mambo yake.

Sisemi kwamba kuuliza kunamaliza kazi. Watu mia wakiulizwa hutoa majibu mia, na mengine hugombana: mama ataka mahali pa watoto kuchezea palipo kimya, kijana ataka uwanja wa mpira, mzee ataka wote wawili wakae mbali na baraza yake. Mpangaji hapati njia ya kuwaridhisha wote. Ila atajua ni nani aliyemnyima, na kwa nini, naye atalazimika kumtazama usoni. Lanchester alimaliza kitabu chake akapanda meli.

Kama siku moja utabahatika kufika Zanzibar, nenda Forodhani wakati wa alasiri, maji yakiwa yamejaa. Usianze na vyakula. Simama karibu na ukuta wa bahari, ule ulioelezwa hapo juu, utazame mawe yake na namna maji yanavyouramba. Baada ya muda mfupi utalazimika kupisha, kwa sababu vijana wa mjini wanakuja. Hukimbia kwa nguvu zao zote juu ya kijia kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa kutembea polepole, wakifika ukingoni hujirusha hewani, wengine kichwa chini, wengine wakijipindua mara mbili, na kutumbukia baharini kwa kishindo kinachowarushia maji walioketi. Wenyewe huuita mchezo huo makachu. Hufuatana mmoja baada ya mwingine, wakapanda tena ukutani wakiwa wanachuruzika, na watu huja kutoka mitaa yote kuwatazama: wageni na kamera zao, wanawake na watoto wao, wazee waliokuwa wakiruka papo hapo katika ujana wao na ambao sasa hutoa makosa ya kila mrukaji kwa sauti. Nyuma yao, chini ya miti, muuza maji ya miwa ameanza kufuta mashine yake.